Kikao cha Upepo

Nchi hii haipo. Na kama ipo, basi si hii yetu. Na kama ni hii yetu, basi haya hayakutokea. Na kama yalitokea, wahusika walishajiomba radhi na kujisamehe wenyewe. Tukishaelewana hapo, tunaweza kuketi na kusimuliana kwa amani.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kulikuwa na sheria ambayo raia waliipenda kuliko mshahara. Iliitwa Sheria ya Upepo. Chanzo chake ni Rais wa kwanza, ambaye alikuwa mtu wa jasho jingi. Mchana mmoja wa joto, mlinzi alisimama mbele ya kiti chake, na Rais akasema, "Wewe, unanizibia upepo." Watu wa kawaida wangesikia hapo karipio kwa mlinzi. Wanasheria wa Ikulu walisikia sera ya taifa. Kabla jua halijatua mswada ulikuwa tayari, na tangu hapo ikawa marufuku kujenga kitu chochote kitakachomzibia jirani upepo, awe jirani huyo ameketi, amesimama au anakusudia kuketi.

Mji ukatulia. Watu waliendelea kuzaliwa, maana hilo halikuhitaji kibali, lakini nyumba zikabaki zile zile. Wenye nyumba wakapangisha stoo, kisha mabanda ya kuku, kisha ukumbi ukagawanywa kwa mapazia na kila pazia likawa na kodi yake. Walimu waliofundisha watoto wa mjini walikaa mbali kiasi kwamba walifika darasani wakiwa wameshachoka kwa siku hiyo. Na katikati ya mji viwanja vilikaa vitupu, vimeota nyasi, vinalindwa kisheria ili upepo upite. Upepo ulikuwa na viwanja vingi kuliko binadamu, na sisi tulijivunia hilo mbele ya wageni.

*

Huko ndiko alikoishi Bwana Machano Tindo, mstaafu, ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa akisoma hali ya hewa katika redio ya taifa. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kuaminika. Akisema mvua haitanyesha, watu walilowa huku wakimwamini. Alipostaafu, wakazi wa Mtaa wa Upepo Mwanana walimchagua kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Upepo, wakisema mtu aliyeutangaza upepo miaka yote hiyo lazima anajuana nao.

Kila alasiri alitoka barazani, akafungua vifungo viwili vya shati, akaegemeza kisogo kwenye nondo za dirisha la sebule na kufumba macho. Upepo ukaja. Haikupita siku usije. Ulimpiga shingoni taratibu, kwa kipimo kile kile, na Bwana Machano akashusha pumzi.

"Mama Hidaya," alimwambia mkewe aliyekuwa ndani, "watu wa bondeni hawajui wanachokikosa."

"Hawajui kwa kweli," alijibu Bi. Sijaona, akiendelea na shughuli zake.

Bwana Machano hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, kwa sababu wengi wetu tunamfahamu sana, tunamwona kila asubuhi kwenye kioo tukichana nywele. Aliwahurumia wasio na nyumba kwa moyo wake wote. Alikuwa akisema waziwazi, mbele ya watu, "Nyumba zijengwe, tena nyingi, tena haraka," na akisema hivyo aliinua mkono kuonyesha mahali pa kujenga. Mkono huo siku zote ulielekea mbali.

Mtu akitaka kujenga, Wizara ya Upepo, Mandhari na Vivuli iliitisha Kikao cha Upepo papo hapo kiwanjani. Mpima Upepo wa Wilaya, Bwana Sufiani, alifika na miti miwili, kamba na kanga mpya. Kanga ilitundikwa kambani, majirani wakaketi kwenye viti vya plastiki, na Mpima akamuuliza kila mmoja swali la kisheria: "Unausikia?" Jirani akisema anausikia, na kanga ikatikisika, basi upepo upo na kibali hakuna.

Zamani, kanga isipotikisika mwombaji alishinda. Hapo ndipo Bwana Machano alipoingia katika historia. Katika kikao kimoja kanga ilikuwa imening'inia tu, haina habari, na mwombaji ameshaanza kutabasamu. Bwana Machano akasimama na ile sauti yake ya redioni.

"Mheshimiwa Mpima, ukienda kwa mtu usimkute, ndiyo kusema hana kwake? Upepo huu umetoka tu. Utarudi. Mkijenga leo, kesho ukirudi ukakuta ukuta, mtauambia nini?"

Watu walifuta machozi. Kikao kikaahirishwa mpaka upepo urudi, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo kanuni: kanga ikitikisika, hakuna kibali, isipotikisika, hakuna kibali kwa sasa.

Wizara ilimpa Bwana Machano cheti. Waziri mwenyewe alikuja kukitoa, akiwa na suti ya sufu chini ya jua.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "Serikali imedhamiria kumpatia kila raia nyumba bora ifikapo mwaka ambao tutautangaza. Imedhamiria vile vile kwamba nyumba hizo zisionekane, zisitupe kivuli, na zisijengwe karibu na mtu yeyote. Wataalamu wetu wako mbioni kutafuta mahali pa namna hiyo, na tayari wameshatembelea nchi kadhaa."

Makofi yalipigwa. Ya Bwana Machano ndiyo yaliyochelewa kuisha.

*

Sasa nchi hiyo, kama nchi yoyote yenye heshima zake, ilikuwa na desturi ya posa. Washenga hawakuja na maneno matupu. Walikuja na sinia, juu yake kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa ufunguo wa nyumba atakayokaa bibi harusi. Baba mtu aliuchukua, akaongozana nao mpaka mlangoni, akafungua kwa mkono wake mwenyewe. Ndani pakimridhisha, aliuacha ufunguo mlangoni, akatoka mikono mitupu na kusema, "Mlango umefunguka." Vigelegele vikafuata. Asiporidhika aliurudisha kwenye sinia. Ufunguo ukirudi mara tatu, uchumba umekufa, na hakuna kubembelezana.

Enzi za nyumba, desturi hiyo ilikuwa nzuri. Enzi za upepo ikaleta vituko. Vijana walikuja na funguo za makabati. Mmoja alileta ufunguo wa sanduku la nguo, na baba mkwe, kwa kuwa binti alikuwa mwembamba na miaka inakwenda, alisema mlango umefunguka.

Bwana Machano alikuwa na mtoto mmoja tu, Hidaya, muuguzi wa wodi ya wazazi. Mchumba wake aliitwa Zuberi Ndonga, fundi wa lifti katika nchi yenye lifti moja. Lifti yenyewe ilikuwa wizarani, katika jengo lililojengwa kabla ya sheria. Zuberi aliipaka mafuta kila asubuhi, kisha akakaa kungoja iharibike.

Ufunguo wa kwanza wa Zuberi ulikuwa wa chumba. Bwana Machano alifungua mlango akakuta familia nyingine inakula, wapangaji wa upande wa pili wa pazia. Wakamkaribisha, akala, akawashukuru kwa mchuzi, akaurudisha ufunguo. Wa pili ulikuwa wa nyumba nzuri kabisa, yenye maji na bustani nyuma, ila ilikuwa mbali mno. Walipofika, wenyeji wa huko waliwapa pole ya safari, wakauliza kama mjini bado yuko Rais yule yule. Ufunguo ukarudi kwenye sinia.

"Zuberi mwanangu, mimi sina ubaya na wewe," Bwana Machano alimwambia. "Tafuta nyumba hapa mjini. Nyumba haziwezi kukosekana."

Wiki hiyo hiyo alikuwa ametoka kuahirisha bweni la wauguzi.

*

Mbele ya nyumba yake kulikuwa na kiwanja cha jiji kilichojaa magari mabovu ya zimamoto. Ushirika mmoja wa wauguzi na mafundi ukaomba kujenga hapo ghorofa ya watu wa kipato cha kawaida. Bwana Machano aliweka pingamizi kabla hajamaliza kusoma tangazo, akarudi nyumbani anaimba.

Hidaya alikuwa sebuleni, bado amevaa sare za kazi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaniona nilivyo na furaha?"

"Nakuona. Umeweka pingamizi kile kiwanja cha mbele?"

"Nimeweka, tena zito. Ghorofa sita, Hidaya, mbele ya uso wangu. Watu hawana haya."

"Watu wenyewe ni sisi, Baba."

"Nyinyi kina nani?"

"Mimi na Zuberi na wenzetu wa ushirika. Yetu ni ghorofa ya nne, upande wa huku. Ndiyo nyumba ya ufunguo wa tatu. Tulitaka tukushtukize. Nilikuwa nawaza kila asubuhi nitatoka roshani nikuchungulie kama umekunywa dawa zako."

Bwana Machano alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

"Si mngeomba kwingine?" alisema.

"Tumeomba kwingine. Kila tulikoomba, ulikuja."

Alijaribu kukumbuka. Vikao vilikuwa vingi, na kwa kweli hakuwahi kuwaangalia waombaji usoni. Yeye alikuwa akiangalia kanga. Hidaya akaendelea kwa sauti ile ile anayotumia na wagonjwa. Zuberi ameitwa kazini nchi jirani. Huko lifti ni nyingi kuliko mafundi, na nyumba wanapewa. Kikao kikikwama, wataondoka wote wawili na watafungia ndoa huko huko.

"Nitakuwa nakupigia simu," alisema Hidaya. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza baba yake. Mtu akikukasirikia, bado anatarajia kitu kutoka kwako.

Alasiri hiyo Bwana Machano alitoka barazani kama kawaida, akafungua vifungo viwili. Upepo ukaja. Kwa mara ya kwanza ulimkera.

*

Asubuhi alikwenda kwa Bwana Sufiani kuondoa pingamizi.

"Haliondolewi, Mzee," alisema Mpima Upepo. "Kanuni."

"Kanuni gani hiyo ya kipuuzi?"

"Ya kwako. Ulisema watu wakiruhusiwa kuondoa mapingamizi, wajenzi watawahonga."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema vizuri sana. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Sasa njia ni moja, ushindwe kikaoni, na hakuna aliyewahi kukushinda."

Bwana Machano akatoka hapo akaenda kwa makamu wake, Mzee Pandu, aliyekuwa barazani kwake amefumba macho. Akamweleza yote, la binti, la fundi, la nchi jirani. Akamwomba yeye na wanakamati waseme kikaoni kwamba hawausikii upepo.

Mzee Pandu alimsikiliza kwa huruma.

"Mwenyekiti, nakuelewa sana. Wa kwangu wote wanne wako nchi jirani. Wajukuu nawaona kwenye simu."

"Na huwakumbuki?"

"Nawakumbuka mpaka usingizi unanipaa. Lakini sasa, upepo tuufanyeje?"

Bwana Machano alifungua mdomo amjibu. Maneno yote aliyoyapata yalikuwa ya upande wa Mzee Pandu, maana ndiye aliyeyatunga. Akaaga.

*

Siku ya kikao joto lilikuwa la kuchemsha uji. Bwana Sufiani alichimbia miti yake katikati ya magari ya zimamoto, akafunga kamba, akatundika kanga. Kanga ikaning'inia. Wanaushirika walisimama upande mmoja, Hidaya na Zuberi kati yao, na upande wa pili wakaketi wanakamati, nyuma yao wake zao waliokuja kuona mwenyekiti atafanya nini.

"Mzee Pandu," alisema Mpima, "unausikia?"

"Nausikia mpaka mifupani," alijibu Mzee Pandu, akajifunika shuka. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

Wa pili alisema anausikia na akaagiza sweta nyumbani. Wa tatu akapiga chafya. Kila mmoja alitaka kumzidi mwenzake, na Bwana Machano aliwatazama kama mwalimu anayeona wanafunzi wake wamefaulu siku mbaya.

"Bwana Machano Tindo, unausikia?"

"Sisikii."

Viti vya plastiki vikalia.

"Mwenyekiti anatania," alisema Mzee Pandu.

"Sitanii. Kanga hiyo haijatikisika tangu itundikwe. Hapa hakuna upepo."

Mzee Pandu akasimama, akaliweka shuka begani, akatoa sauti nzito ambayo haikuwa yake. "Mheshimiwa Mpima, ukienda kwa mtu usimkute, ndiyo kusema hana kwake?" Akaitoa hotuba yote, mpaka ukutani, mpaka mtauambia nini. Watu walifuta machozi upya. Bwana Machano mwenyewe alifuta yake, kwa sababu hotuba ilikuwa nzuri kweli.

Bwana Sufiani akainua mkono kuahirisha.

"Ngoja kwanza," alisema Bwana Machano. "Maneno hayo ni yangu. Siku ile nilikuwa na njaa, nilitaka kikao kiishe nikale. Hayakuwa na maana yoyote."

Hakuna aliyeamini. Watu wanaweza kukukubalia mengi, lakini si kuwaambia kwamba walilia bure.

"Mheshimiwa," alisema Mzee Pandu, "mwenyekiti ana maslahi yake hapa, binti yake yumo. Jana tu nimemwona barazani, vifungo wazi, macho kafumba, anapunga upepo. Akane kama si kweli."

Wote wakamgeukia. Bwana Machano alitamani kukana. Lakini jana alikuwa amepigwa na upepo, na juzi pia, na kusema uongo wa hali ya hewa hadharani kulimshinda. Redioni alikosea kila siku, ila hakuwahi kukosea kwa makusudi.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Barazani kwangu upo. Hapa ndiyo siusikii, pale nausikia kila siku." Aliona Zuberi anamshika Hidaya mkono na kumwinamia sikioni, na akajua wanazungumza habari za safari.

"Ni feni."

Aliyesema ni Bi. Sijaona, kutoka nyuma.

"Nini?" aliuliza Mpima Upepo.

"Upepo wa barazani kwake ni feni. Iko sebuleni, nyuma ya dirisha. Akiketi naiwasha, akiinuka naizima."

Bwana Machano aligeuka polepole.

"Tangu lini, Mama Hidaya?"

"Tangu ustaafu. Ulikuwa ukisikia joto unaingia jikoni kunifundisha kukata vitunguu. Nikaona bora uwe na upepo wako nje huko."

Mzee Pandu alianza kucheka. Alicheka akainama, shuka likaanguka, akapiga mapaja. Aliposita kuvuta pumzi, mkewe, Bi. Chausiku, alimgusa bega.

"Usicheke sana, Baba Omari. Ya kwako ni kubwa kuliko ya kwake."

Kicheko kikakatika. Wanakamati wote wakageuka kuwatazama wake zao, na wake zao wote wakawa wanaangalia chini. Mtaa mzima wa Upepo Mwanana, dirisha kwa dirisha, ulikuwa unaendeshwa kwa umeme.

"Nani alianza?" aliuliza mmoja, sauti imemtoka nyembamba.

"Tuliambiana tu, kwenye shughuli ya kina Fereji," alisema Bi. Chausiku. "Mbona nyie mkipata jambo zuri hamuulizwi nani alianza."

Bwana Sufiani alifungua kitabu cha sheria, akakifunga, akakifungua tena. Upepo wa umeme haukulindwa popote. Hata hivyo utaratibu ulimtaka amuulize mwenye pingamizi swali la mwisho, na akamuuliza kwa upole.

"Bwana Machano, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao. Unausikia?"

Bwana Machano alijua akijibu itakuwaje. Redio aliyoitumikia itatangaza. Watu watamchekea sokoni, msibani, hata siku ya maziko yake atakuwepo mtu wa kuuliza kama jeneza limewekewa feni. Alimtazama Hidaya. Kiwanja kizima kilikuwa kinajizuia kucheka, isipokuwa yeye.

"Sisikii," alisema, na safari hii sauti ya redioni ilirudi yenyewe. "Wala sijawahi kuusikia. Nilikuwa nikipepewa na mke wangu kama mtoto mchanga, na kwa sababu hiyo nimewanyima watu nyumba mji mzima. Wapeni kibali."

Bwana Sufiani akaishusha kanga, maana upepo ambao haukuwahi kuwepo hauwezi kungojwa urudi.

*

Walimcheka kweli. Wizara ilituma mtu kuchukua cheti, na Waziri akasema katika hotuba kwamba yeye siku zote alikuwa na mashaka na mtaa ule. Bwana Machano alinuna kwa muda, kisha akachoka kununa. Aliyemsalimia kwa kuuliza habari za feni alijibiwa kwamba leo iko namba tatu. Alasiri alikaa barazani kwenye joto, vifungo vyote wazi, akitazama mafundi wakimwaga zege, na akitoka jasho alijifuta bila kulalamika. Jikoni haruhusiwi mpaka leo.

Ghorofa ikaisha. Washenga wakaja na sinia, na kwa mara ya kwanza safari ya kujaribu ufunguo ilikuwa ya kuvuka barabara. Bwana Machano alipanda lifti, ya pili nchini, iliyotunzwa na mkwe wake mtarajiwa. Akafika ghorofa ya nne, akafungua mlango. Ulifunguka bila kelele. Alikagua jiko, akakagua bafu, akatoka roshani.

Hapo ndipo upepo ulipompiga. Haukuwa wa kipimo kimoja. Ulimpiga usoni, ukaacha, ukarudi kutoka upande mwingine, ukaingia mikononi mwa kanzu na kuijaza. Mzee mzima, mtangazaji wa upepo, ndiyo kwanza walikuwa wanakutana. Alicheka peke yake. Kisha akatazama chini.

Mji wote ulikuwa pale, na viwanja vyake vitupu, kimoja kimoja, vya kijani. Alivifahamu vyote. Pale paliombwa bweni la wauguzi. Pale walimu. Pale aliomba mjane mmoja ajenge vyumba vya kupangisha, na alikuja kikaoni na ramani iliyochorwa na mwanawe. Yule mwana yuko wapi sasa? Nchi jirani, bila shaka, wanakokwenda wote. Kila kiwanja alikilinda kwa maneno matamu, na sasa kilikuwa na mbuzi. Alihisi aibu iliyomkaa kifuani, si ile ya kuchekwa, bali ile ambayo hakuna anayekuona nayo.

"Mzee, umeridhika?" aliuliza Zuberi kutoka mlangoni.

Bwana Machano alishuka mikono mitupu.

"Mlango umefunguka," aliwaambia waliokuwa chini, na kigelegele cha Bi. Sijaona kilisikika mpaka wizarani.

*

Hidaya alipata mtoto. Bwana Machano akawa kila alasiri anapanda ghorofa ya nne, anampakata mjukuu roshani, na wote wawili wanasinzia upepo unawapiga. Hakuna raha aliyoijua maishani iliyoifikia hiyo. Upepo wa feni na upepo huu, alisema, ni kama kusikia habari za pilau na kula pilau.

Ndipo ushirika wa walimu ukaomba kiwanja cha jirani, kile cha mbuzi. Ghorofa nane.

Kikao kilifanyika hapo hapo roshani, kwa ombi la wakazi. Sheria ilikuwa ile ile. Wizara ilikuwa imeiongezea tu kifungu cha feni. Bwana Sufiani alipotundika kanga, iliruka, ikapiga kelele, ikataka kuondoka na kamba yake. Wakazi wa ghorofa walitazamana kwa furaha. Walikuwa vijana, wauguzi na mafundi, na pingamizi lao lilikuwa limeandikwa kwa ufasaha. Sehemu ya mwanzo aliiandika Zuberi, ya mwisho Hidaya. Mlangoni walisimama walimu walioomba, na mmoja wao, kijana mwenye chaki kwenye mkono wa shati, alikuwa amemshika mchumba wake mkono.

"Namwita shahidi mtaalamu," alisema Mpima, na hakuna aliyecheka. "Bwana Machano Tindo."

Hidaya akamnong'oneza, "Baba, huu si wa feni. Safari hii sema tu ukweli."

Bwana Machano alikuwa na mjukuu mapajani. Alifumba macho. Upepo ulimpiga usoni, ukamzunguka, ukazichezea nywele za mtoto. Aliupenda. Ghorofa nane zikisimama pale, hautafika hapa tena, na yeye hana umri wa kungoja mwingine.

"Unausikia?" aliuliza Bwana Sufiani.

"Nausikia."

Hidaya akatabasamu. Wale walimu wakaanza kuokota mikoba yao.

"Nausikia sana," alisema Bwana Machano. "Ni wa kweli, na ndio mzuri kuliko wote. Wajenge."

Bwana Sufiani alisubiri. Alidhani kuna sentensi nyingine inakuja.

"Mzee," alisema mwishowe, "ukisema upo, kibali hakuna. Ukisema haupo, kibali hakuna kwa sasa. Jibu lako halimo kwenye sheria."

"Najua halimo," alisema Bwana Machano, akimhamishia mtoto bega la pili. "Andika hivyo hivyo. Upo, na wajenge."